Je, Ni Halali Kuficha Ujuzi ili Kulinda Kazi?



Katika toleo hili twapenda kulizungumza jambo ambalo hapo zamani lisingeonekana kuwa la gazeti la parishi, lakini siku hizi limeingia katika nyumba zetu, na wengi wetu tumelisikia likiletwa kwenye maombi ya Jumatano. Ni jambo la kazi. Na hasa kazi ya vijana wetu wanaotunza kumbukumbu za taasisi ndani ya kompyuta, wale waitwao watunza kanzidata.

Lilianza hivi. Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa hapa kwetu Kirumba alibaki nje ya kanisa wakati wengine wakielekea majumbani. Alikuwa ameitunza kanzidata ya taasisi moja ya tiba kwa miaka 11. Akatuambia, "Wazee wangu, shikamooni. Nina neno." Tulipokaa naye kivulini akaeleza kwamba wakubwa wake wameamua kazi yake ipewe kampuni ya Dar es Salaam kwa mkataba, na kwamba baada ya miezi mitatu huenda asihitajike tena. Rafiki yake mmoja alikuwa amemshauri hivi: "Usiandike kitu. Funguo zote na maneno yote ya siri yakae kichwani mwako. Hao wageni wakija wakute giza, na wakubwa watakurudia wenyewe." Kijana akatuuliza, "Wazee wangu, hiyo ni dhambi au ni akili?"

Siku ile hatukumjibu vizuri. Mmoja wetu alisema upesi kwamba ni dhambi. Mwingine akasema upesi vilevile kwamba mtu mwenye watoto wanne na karo ya Januari hahubiriwi dhambi. Majibu yote mawili yalikuwa mepesi mno. Tangu hapo tumelifikiri jambo hili pamoja, na tunayoandika hapa ndiyo tuliyopaswa kumwambia siku ile.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kwa ajili ya wazee wetu ambao hawajapata kuiona kazi hii, tuseme kwanza jinsi ilivyo. Kanzidata ni daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Mgonjwa akifika, jina lake humo. Dawa aliyopewa mwaka juzi, humo. Deni lake, humo. Mtunza kanzidata ndiye anayepanga nani aruhusiwe kusoma na nani aruhusiwe kuandika. Ndiye anayetoa nakala ya akiba kila usiku, na kuijaribu kama inaweza kweli kurudishwa, ili umeme ukikatika au mashine ikiharibika kumbukumbu zisipotee. Daftari likianza kwenda pole pole, yeye ndiye hutafuta sababu. Akifanya kazi yake vema, hakuna anayemwona. Huonekana siku ya msiba tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karani aandikaye magunia ya dagaa pale Mwaloni anaijua kweli hiyo kuliko sisi. Magunia yanatoka kwa watu wengi na yanakwenda mbali, hata Kongo na Rwanda. Kalamu yake ikiteleza, familia moja huko visiwani italala bila chakula, nayo haitajua ni kwa nini.

Watu wa Kanda ya Ziwa hatukuanza jana kujua uzito wa kushika daftari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa upande huu waliona kwamba mizani ya wanunuzi haiwatendei haki, wakaweka wapimaji wao wenyewe waangalie uzito. Katika mwamko huo, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, vyama vya ushirika vilienea Usukuma, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama hivyo uliojulikana kwa herufi VFCU. Ushirika ule mkubwa, ambao ulisifiwa Afrika nzima, ulianza na swali moja dogo: nani anashika mizani, na je, tunamwamini?

Lakini tukumbuke pia yaliyofuata. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika kwa sababu ya malalamiko ya wakulima wenyewe. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikahamishiwa kwa mamlaka za mazao. Katika miaka ya 1980 vyama vikarejeshwa. Kwa hiyo makarani na wapimaji wa nchi hii walikwisha kuonja mapema yale anayoyaonja kijana wetu leo: kwamba kazi uliyoishika kwa mkono imara yaweza kuhamishwa kwa karatasi moja iliyotiwa sahihi mahali ambapo hukuwapo.

TULIPOKUWA WAPYA SISI

Hapa panatupasa kusema neno ambalo si tamu. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mashine hizo zilikuwa chache kwa miaka mingi. Baadaye masharti yakalegezwa, nazo zikaanza kuingia maofisini, zikafika na huku kwetu. Zilipofika, walikuwapo makarani wa majalada ambao walijua kwa moyo jalada gani liko rafu ya ngapi. Walikuwapo wapiga taipu. Walikuwapo wazee wa vitabu vya hesabu walioandika tarakimu kwa mwandiko mzuri kuliko chapa. Wakaambiwa asante.

Je, siku ile tuliwalilia? Wengi wetu tulisema, "Ni maendeleo." Tuliwapeleka watoto wetu wakasomee kompyuta, nasi tukafurahi walipopewa viti vya wale wazee. Kijana wetu mwenyewe, tulipomkumbusha hayo, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alipoanza kazi alimkuta mzee mmoja wa masjala aliyemwonyesha kila kitu: majina yanayoandikwa kwa njia tatu, wagonjwa wawili wenye jina moja na baba mmoja, vitabu vya zamani vilivyo na kurasa zilizokosewa. Mzee yule alijua kwamba akimaliza kufundisha ataondoka. Alifundisha, akaondoka.

Hatusemi hayo ili kumwambia kijana kwamba sasa ni zamu yake anyamaze. Maumivu ya mtu hayapungui kwa kuambiwa kwamba mwingine aliumia kabla yake. Twasema hivyo ili tulione jambo lote, wala si ule upande unaotuuma sisi peke yake.

KWA NINI WAKUBWA HUFANYA HIVI

Haki inatutaka tusikilize na upande wa pili. Jambo hili halikuanzia Mwanza. Mwaka 2010 kampuni ya Bharti Airtel ya India iliinunua mitandao ya simu ya Zain katika Afrika, Tanzania ikiwamo, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikatangaza mkataba wa miaka 10 na kampuni ya IBM ya Marekani, ili IBM isimamie kompyuta zake katika nchi 16 za bara letu. Kampuni ya India iliwapa Wamarekani kazi ya Waafrika, na wote watatu waliitwa washiriki. Tangu hapo mabenki, mashirika na taasisi nyingi zimefuata njia hiyo kwa namna moja au nyingine. Wengine hawana tena mashine zao ofisini. Kumbukumbu zao zimo katika mashine za kukodi zilizo mbali, hata ng'ambo.

Mkubwa wa kazi akiulizwa hutoa sababu, na baadhi yake ni za kweli. Mtunza mmoja huugua, husafiri kwenda msibani, hufa. Mashine hununuliwa ghali na huzeeka upesi. Kampuni kubwa ina watu wa usiku na wa mchana. Lakini sababu nyingine hazisemwi: kwamba mkandarasi hana kiinua mgongo, hana likizo ya uzazi, hana chama cha wafanyakazi, na hakuna haja ya kumtazama usoni siku ya kumwachisha.

NI NINI CHETU, NA NI NINI AMANA?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Wanaotetea kuficha husema hivi: mfanyakazi hana mtaji ila ujuzi wake, mwajiri amevunja uaminifu wa kwanza, basi mfanyakazi anapofunga kinywa hajaiba chochote, amejilinda tu, kama mvuvi asivyomwonyesha mwenzake mahali samaki walipo.

Hoja hii ina nguvu, wala hatuidharau. Lakini tumeona kwamba inachanganya vitu viwili. Kuna ujuzi, na kuna amana. Ujuzi ni ule ulioingia mikononi na kichwani kwa miaka ya kazi: jinsi ya kutambua kosa, jinsi ya kupanga daftari, jinsi ya kufikiri mashine inapokwama. Huo ni wako. Hakuna mkataba unaoweza kukuvua, na hulazimiki kumpa kila mtu bure. Akila na Prisila, tunaosoma habari zao katika Matendo ya Mitume sura ya 18, walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio pamoja na Wayahudi wengine. Walipoteza nyumba na wateja, lakini walifika Korintho wakiwa na ujuzi wao wa kushona mahema, na kwa ujuzi huo wakamkaribisha Paulo, wakafanya naye kazi. Ujuzi ulisafiri nao.

Amana ni kitu kingine. Ufunguo wa daftari si wako. Neno la siri la kufungulia kumbukumbu za wagonjwa si wako, wala si la mkubwa wako. Kwa hakika, ukifuata mambo hadi mwisho wake, hata kumbukumbu zenyewe si mali ya taasisi tu. Ni maisha ya watu walioandikwa humo. Mama anayekuja kutoka Kabuhoro kuchukua dawa zake za kila mwezi hajui kama pana ugomvi kati ya mtunza kanzidata na mkurugenzi. Yeye ametoa jina lake na siri ya ugonjwa wake akiamini kwamba siku atakaporudi atajulikana. Anayeficha ufunguo hudhani anamfungia mkubwa wake, kumbe anayebaki nje ya mlango ni mama huyu.

Wenyeji wa ziwa hili tunajua gharama ya kumbukumbu zinazopotea. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, lakini hadi leo hatuna hesabu kamili, maana abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wako watu waliozikwa kule Igoma ambao hakuna daftari lililowataja. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa. Ikaelezwa kwamba ilikuwa vigumu kujua idadi ya waliokuwamo, kwa sababu mkata tiketi alizama, na mashine iliyohifadhi hesabu za tiketi ikapotea pamoja naye.

Ndugu zetu, tulifikirie hilo. Mkata tiketi yule hakukusudia kuficha kitu. Alikufa kazini, na Mungu ampumzishe. Lakini twaona jinsi kumbukumbu iliyo mahali pamoja, mkononi mwa mtu mmoja, inavyozama na mtu huyo. Basi anayefanya hivyo kwa kukusudia, akajifanya yeye mwenyewe kuwa ndiyo mashine ya pekee, amewaweka watu wengi ndani ya chombo kimoja na yeye, bila kuwauliza.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kijana ni hili: kuficha amana si halali, hata kama umetendewa vibaya. Kuutunza ujuzi wako, kuutoza bei yake, na kuupeleka panapothaminiwa, ni halali kabisa.

WAKILI ALIYEACHISHWA

Wengine watatukumbusha habari ya wakili katika Injili ya Luka sura ya 16. Huyu naye alikuwa mtunza daftari, na aliambiwa kwamba uwakili wake umekwisha. Akajifikiria: jembe halimwezi, na kunyoosha mkono barabarani hataki. Akawaita wadeni wa bwana wake, akawabadilishia hesabu zao ili wampokee siku ya shida. Na bwana wake akamsifu! Je, si ruhusa hiyo ya kuchezea kumbukumbu?

La hasha. Bwana wetu anamwita mtu yule dhalimu, na halibadili jina hilo hadi mwisho. Kilichosifiwa ni kwamba alipoona mlango unafungwa, hakukaa akilalamika. Aliitazama kesho, akaelewa kwamba usalama wa mtu hauko katika kiti cha ofisi bali kwa watu watakaomkaribisha. Kosa lake ni kwamba aliinunua karibu hiyo kwa mali isiyokuwa yake. Sisi tunaweza kujifunza akili yake bila kujifunza mkono wake. Mtunza kanzidata aliyewasaidia wauguzi kwa uvumilivu miaka 11, aliyemwelewesha mhasibu mzee bila kumcheka, aliyekwenda usiku wa manane mvua ikinyesha kuirudisha mashine, huyo amejiwekea marafiki kwa mali iliyo yake kweli.

Tena tukumbuke Demetrio mfua fedha wa Efeso katika Matendo sura ya 19. Alipoona biashara ya sanamu inatishwa na mahubiri ya Paulo, aliwakusanya mafundi wenzake, akawaeleza kwanza habari ya riziki yao, kisha akaifunika kwa heshima ya mungu wao. Mji mzima ukapiga kelele kwa saa mbili, na wengi hawakujua wamekusanyikia nini. Sisi nasi huivika hofu yetu mavazi mazuri. Mara nyingine twasema "uzalendo" au "usalama wa taifa", kumbe twamaanisha mshahara. Si aibu kutetea mshahara. Aibu ni kuuita jina lingine.

WAJIBU WA MWAJIRI

Lakini tungekuwa wanafiki kama tungemhubiria mdogo peke yake. Uaminifu wa mfanyakazi usigeuzwe kuwa ngazi ya mwajiri asiye mwaminifu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua jinsi ya kupunguza. Si kuwaita baada ya mkataba kutiwa sahihi. Sheria hiyo inataja pia kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, hadi miaka 10. Anayeonewa ana mahali pa kwenda: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala asichelewe, kwa kuwa muda wa kupeleka shauri la kuachishwa ni mfupi. Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni za kuwazuia mawakala wa ajira wasiendelee kuwamiliki wafanyakazi na kuwakodisha kama viti vya arusi. Mkristo kuzijua sheria hizi na kuzidai si ugomvi. Paulo mwenyewe alidai haki yake ya uraia alipokuwa amefungwa tayari kupigwa mijeledi.

Na kanisa je? Ni parishi ngapi zimemwachisha mlinzi mzee aliyefungua milango kwa miaka 20, ili kukodi kampuni, na hakuna aliyemwombea hata Jumapili moja? Tukisema juu ya makampuni makubwa, tuanze na lango letu.

JIRANI YETU NI NANI?

Liko jambo moja tena linalotusumbua. Kazi inapotoka Kirumba kwenda Dar es Salaam, au kutoka Dar es Salaam kwenda India, twalia. Lakini kazi inapotoka Marekani kuja Afrika Mashariki, twashukuru. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, wasome na kuweka alama maandishi machafu na ya kutisha ili kuifundisha mashine ya Marekani kujiepusha nayo. Kazi ile ilipewa Nairobi kwa sababu ni rahisi kuliko kwao. Vijana wale walihitaji mshahara ule, na baadhi yao walieleza kwamba waliumia rohoni.

Basi hatuwezi kusema kwamba kuhamisha kazi ni dhambi wakati wote, maana riziki yetu wengine imekuja kwa njia hiyohiyo. Wala hatuwezi kusema ni baraka wakati wote. Swali la Kikristo si kazi imekwenda wapi tu, bali ni nani amehesabiwa kuwa mtu na nani amehesabiwa kuwa gharama. Kijana wa Dar es Salaam anayekuja kuchukua kazi ya kijana wetu si adui. Huenda naye ana mkataba wa mwaka mmoja tu, na mama yake anamwombea mahali fulani kama sisi tumwombeavyo huyu.

USHAURI WETU

Kwa wale walio katika kazi hii, twatoa ushauri huu kama wazazi.

Kwanza, andika. Weka daftari la kazi yako, kila hatua, na umfundishe mtu wa pili. Anayeandika hujulikana kuwa fundi. Anayeficha hujulikana kuwa tatizo, na tatizo huondolewa mapema.

Pili, jifunze yale ambayo hayakodishwi kwa urahisi. Mashine ya mbali haijui kwamba hapa kwetu jina moja huandikwa kwa njia tatu. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziwekea taasisi wajibu wa kulinda kumbukumbu za watu hata zinapozikabidhi kwa mkandarasi. Lazima awepo mtu ndani anayejua kumuuliza mkandarasi maswali: nakala ziko wapi? Zimejaribiwa lini? Nani amezisoma? Mtu huyo kwa nini usiwe wewe?

Tatu, weka akiba mapema, katika chama cha akiba na mikopo au katika kikundi cha mtaa wako. Mtu asiye na akiba hata ya miezi mitatu ni vigumu kuwa mwaminifu, hofu humsemea.

Nne, usikae peke yako na habari hii. Wanaume hasa huwa na desturi ya kuondoka nyumbani kila asubuhi wakiwa wamevaa vizuri, hali kazi ilikwisha mwezi uliopita. Mwambie mkeo. Waambie wenzako wa kanisa.

Mwisho, tusisahau lililo kubwa kuliko yote. Kazi ni kipawa, lakini si jina letu. Tulibatizwa kabla hatujaajiriwa. Hatusemi hivyo kwa wepesi, kwa maana twajua kwamba mwenye duka hapokei cheti cha ubatizo. Twasema tu kwamba mtu aliyeachishwa hajapunguka mbele za Mungu hata kidogo, na kanisa linalompungia mkono kwa mbali baada ya hapo limemkana Bwana wake.

Mtapenda kujua kijana alifanya nini. Aliandika. Alijaza daftari zima kwa mkono, kisha akalipiga chapa, akalikabidhi na kuchukua sahihi ya kupokelewa. Hata hivyo kazi ilikwenda kwa kampuni, naye alipewa barua. Alidai alichostahili kwa mujibu wa sheria, akakipata baada ya kufuatilia mara nyingi. Sasa anatunza kumbukumbu za shule moja na zahanati mbili ndogo, na kipato chake hakijafikia nusu ya kile cha zamani. Hatutawadanganya kwamba uaminifu wake ulimlipa.

Ila alitusimulia jambo moja. Usiku mmoja, kampuni ilipokuwa na wiki chache tu kazini, simu yake ililia. Daftari la wagonjwa lilikuwa limekwama, na kijana wa zamu alikuwa na hofu. Kijana wetu angeweza kutopokea. Akapokea, akamwambia, "Mdogo wangu, usiogope. Fungua kile kitabu nilichokiacha, ukurasa wa 23." Akakaa naye kwenye simu mpaka kumbukumbu zikarudi. Asubuhi yake wagonjwa walikuja, wakatajwa majina yao, wakapewa dawa, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Tulimuuliza kama alipata usingizi baada ya hapo. Akasema, "Wazee wangu, nililala."

Bwana awabariki wote watendao kazi, na wote waitafutao.